Amende ya Mbio: Kulipa ao Kwenda Mbele ya Mwamuzi?



Sisi makarani wa mgodi tunasikia malalamiko yale yale kila mwisho wa mwezi. "Polisi walinisimamisha njia ya Likasi, wakasema nilipita mbio, nikatoa feza, basi." Tunauliza: karatasi iko wapi? Kimya.

Feza iliyotolewa dirishani mwa motokari bila karatasi si amende. Sanduku la Serikali halikuiona, na hakuna mwamuzi atakayeweza kuipima. Aliyelipa namna hiyo amejihukumu yeye mwenyewe.

Sheria inasema namna nyingine. Dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya mashitaki ya makosa inamruhusu ofisye wa polisi judisyeri, yule tunayemwita OPJ, kupendekeza amende ya mapatano, nayo feza iingie katika sanduku la Serikali. Sikieni vizuri: mapatano. Mapatano yanataka watu wawili. Ukikataa, si uasi. Dosye inakwenda parke, na parke ikiona vema inaipeleka tribinali ya amani, ile Tripaix. Tena si kila polisi anayepiga filimbi penye njia panda ni OPJ. Muulize kwa heshima: "Shefu, wewe ni OPJ?"

Je, tukatae kila mara? Hapana. Kama unajua moyoni kwamba ulikimbia mbele ya masomo saa ya watoto kutoka, lipa, pokea karatasi yako, nyamaza. Anayeshindwa tribinalini analipa amende pamoja na gharama za kesi, na siku za kazi zilizopotea hakuna wa kuzirudisha. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, hilo si jambo dogo.

Lakini kama mwendo wako haukupimwa na chombo chochote, polisi aliukisia kwa macho tu, mimi nasema: kataa, uende. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle 17, inasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ilithibitishe. Artikle 19 inakupa haki ya kujitetea mwenyewe ao kusaidiwa na mtetezi unayemchagua. Basi angalia PV imeandika nini: mahali gani, saa ngapi, kilometa ngapi kwa saa, chombo gani. Nawe andika yako siku ile ile, pamoja na jina la aliyekaa kando yako. Baada ya juma mbili kila mtu amesahau.

Wengine watasema: "Karani, wewe unajua Kifaransa cha bilo." Ni kweli, PV inaandikwa Kifaransa. Lakini artikle 18 inataka aliyekamatwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoisikia. Basi usitie sahihi wala kidole juu ya karatasi ambayo haijaelezwa mbele yako kwa Kiswahili, hata kama malori yanapiga honi nyuma yako.