Karanga kwenye kisamvu

Kueleza kwa Kihispania chakula kinachokudhuru hakumsumbui sana Mswahili. "Me sienta mal la leche": maziwa ndiyo yanayotenda, kama tunavyosema Temeke, maziwa yananivuruga tumbo. "Tengo alergia a" nayo ni "nina mzio wa", basi. Ukitumia "soy" ("mimi ni") ndipo jinsia inaingia: mwanamke "alérgica", mwanamume "alérgico" ("intolerante" haibadiliki, afadhali).

Ila sentensi ya kushika kwanza, kwa maoni yangu, ni "¿lleva cacahuete?", yaani kina karanga ndani? Mmexico atasema "cacahuate", Amerika Kusini wengi "maní". Mhispania mwenye mzio akija kwa mama ntilie wa Tandika aulize vivyo hivyo kuhusu kisamvu, maana karanga zilizosagwa hazionekani. Akijibiwa "kidogo tu", asile.