Anayedunisha Swali Naye Atozwe

Wanaobuni jumuiya za intaneti wana kazi ya kuamua jinsi wenzi watakavyopimana heshima. Katika Stack Overflow, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky ili waandishi wa programu za kompyuta wajibiane maswali, heshima huhesabiwa kwa alama. Jibu likiungwa mkono, mwenyewe hupata alama 10. Likipingwa, hupoteza 2. Aliyepinga naye hukatwa 1, tena haruhusiwi kupinga kabla ya kufikisha alama 125.

Mpango huo una busara, kwani mkosoaji hulazimika kufikiri kwanza. Ajabu ni kuwa kupinga swali hakumgharimu mpinzani chochote! Mgeni, ambaye aghalabu hana la kuleta ila swali, ndiye anayedunishwa bure.

Watetezi hudai kwamba maswali hafifu yakizidi, wajuzi watachoka waondoke. Ni kweli; lakini swali hafifu laweza kusahihishwa na wenzi. Mwalimu gani asiyemjua mwanafunzi aliyechekwa mara moja, asiinue tena mkono muhula mzima? Mwenye maelfu ya alama akitozwa 1 hatafilisika.