WAIFAI ISIISHIE OFISINI

Mficha uchi hazai, walinena wahenga. Nami leo sitaficha.

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumwona mwalimu wetu wa Kompyuta akitoka mbio katikati ya kipindi, kipakatalishi kifuani kama mtoto mgonjwa. Hakimbii moto! Anaenda kusimama chini ya dirisha la ofisi apate waifai, apakue video ya somo, kisha arudi. Sisi 45 tunangoja, na kipindi ni dakika 40 tu.

Shule inalipia intaneti kila mwezi. Mbona basi haifiki chumba cha kompyuta? Sababu ni kwamba kisambazaji ni kimoja, nacho kimefungiwa ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi. Chuma huzuia mawimbi ya waifai. Hata yale machache yanayoponyoka hukutana na kuta nene za mawe. Koroboi ukiiweka chumbani na kufunga mlango, usishangae jikoni kuwa giza.

Maoni yangu ni haya: visambazaji viwekwe pale watu wanapofanyia kazi. Kimoja kipachikwe juu ukutani katika chumba cha kompyuta, kingine maktabani, cha tatu chumba cha walimu. Vyote viungwe kwa waya kutoka ofisini, kwani waya wa kawaida wa mtandao hufika hadi mita 100. Kabla ya kutoboa ukuta, mwalimu atembee na simu yake kila pembe akipima nguvu ya mawimbi. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya 5 yana kasi, lakini hayafiki mbali. Visambazaji jirani vinavyotumia 2.4 vipewe chaneli 1, 6 na 11, visije vikaingiliana kama kwaya mbili katika ukumbi mmoja.

Najua kuna watakaosema, "Hawa wataanza kutazama sinema!" Ni kweli, watundu tumo. Lakini tovuti zisizofaa zinaweza kufungwa, na mtandao wa wanafunzi ukatengwa na ule wa ofisi. Wengine watasema pesa hazipo. Nakubali visambazaji vina bei, tena haviongezi intaneti tunayonunua, huigawa tu. Lakini hii tunayolipia sasa si inalala kabatini?

Jambo hili linatuuma zaidi sisi wa shule ya kutwa. Jioni nikifika nyumbani, simu ni ya mama, na bando ni pesa ya unga. Muhula uliopita nilimwomba shilingi 50 za bando nimalizie kazi ya Jiografia. Alinipa bila kusema neno. Asubuhi tulikunywa strungi, maziwa hayakuwako. Kazi ile ningeimalizia maktabani saa kumi, kama mtandao ungefika huko.

Kwa hivyo, nawasihi wakuu wetu na wazazi: kitoeni kile kisanduku kabatini, na kiongezewe wenzake. Mkono mmoja haulei mwana, na kisambazaji kimoja hakilei shule nzima.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu