Baba Aliyenunua Mashine na Kumkataa Aliyeiuza

Wengi wetu hapa Sumbawanga tunaifahamu Mexico kwa tamthilia zake za runinga, zile za machozi na ugomvi wa urithi. Lakini zamani kabla ya tamthilia hizo, nchi hiyo ilitengeneza filamu za rangi nyeusi na nyeupe zenye mafundisho mazito. Mojawapo ni Una familia de tantas ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Alejandro Galindo. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "familia moja kati ya nyingi". Maoni yetu ni kwamba filamu hii inafaa kuonyeshwa seminarini, na pia kwa UWAKA, WAWATA na VIWAWA parokiani, kwa sababu inagusa jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi halizungumzwi: mamlaka ya baba yanaishia wapi?

Don Rodrigo Cataño, anayeigizwa na Fernando Soler, ni baba wa familia Mkatoliki katika Jiji la Mexico. Nyumba yake ina utaratibu. Anatunza watu wake, analinda heshima ya jina lake, na neno lake ni la mwisho. Binti yake Maru anakaribia miaka 15, umri ambao kwao msichana hufanyiwa sherehe kubwa. Siku moja anapiga hodi kijana mchuuzi, Roberto del Hierro, anayeuza mashine za kufyonza vumbi. Baba anakasirika kusikia kwamba mtu wa namna hiyo ameingia ndani bila yeye kuwapo. Lakini kijana anajua kuongea, na mwishowe baba ananunua mashine. Baadaye linaingia na jokofu. Roberto anapompenda Maru na Maru kumpenda Roberto, mlango unafungwa, maana baba amekwisha kumchagulia binti yake mchumba, naye ni binamu yake Ricardo.

Hapo ndipo filamu inapotuhusu. Don Rodrigo anakubali vitu vipya lakini hakubali mtu mwenye mawazo mapya. Nasi huku Kizwite tumo humo humo. Tumeweka sola juu ya bati, tumenunua pikipiki na simu za kisasa, na wanetu tumewapeleka shule hadi chuo. Lakini binti akirudi na neno lake mwenyewe kuhusu maisha yake, tunashangaa limetoka wapi.

Wapo watakaosema kwamba filamu ya namna hii inawafundisha watoto uasi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana amri ya nne haijafutwa, na mtoto wa Kifipa anayemsalimia mzazi wake kwa unyenyekevu anafanya jambo jema. Lakini tuwatazame watoto watatu wa nyumba ile. Héctor, mtoto wa kiume, anatii mbele ya baba, huku nje amempa msichana mimba, analazimishwa kumwoa. Estela anafumaniwa akibusiana na mchumba wake, anapigwa, naye anaikimbia nyumba. Maru ndiye pekee anayesimama mbele ya baba na kumwambia ukweli uliomo moyoni. Roberto naye hakumtorosha usiku. Alikuja mlangoni, akaomba ruhusa ya kumtembelea waziwazi. Basi tujiulize: kati ya hao wote, nani alimheshimu baba zaidi? Waliojificha, au waliosema naye?

Hofu huzaa utii wa macho tu. Baba asipokuwapo, utii huo nao haupo. Papa Fransisko aligusia hilo katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 261, alipowaonya wazazi kwamba kujua mtoto alipo kwa mwili si sawa na kujua alipo kwa roho, na kwamba kumdhibiti kila hatua si kumlea. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakolosai, mara tu baada ya kuwaagiza watoto kutii anawageukia akina baba wasiwakatishe watoto tamaa. Huwa tunahubiri nusu ya kwanza kwa sauti kubwa kuliko ya pili.

Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni 1057 inasema kwamba ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa, na hakuna mwanadamu awezaye kuitoa kwa niaba yao. Kanuni 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa si halali. Mzazi ana haki ya kushauri, kuonya, hata kusikitika. Lakini neno "nakubali" la altareni si lake.

Na sisi tulio seminarini tusijidhanie tuko mbali na jambo hili. Kanuni 1026 inadai uhuru huo huo kwa anayepokea daraja takatifu, na inakataza kabisa mtu yeyote kumlazimisha. Kijana anayekuja seminarini ili kumridhisha baba, au anayeogopa kuondoka kwa sababu kijiji kizima kimekwisha kumwita "padre wetu", yuko katika hali ya Maru akivalishwa kwa ajili ya Ricardo. Heri aseme ukweli kwa mlezi wake mapema kuliko kuutafuta baada ya upadirisho.

Kwa jambo moja hatuifuati filamu. Maru ni mtoto bado. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilikiona kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Kumtetea binti achague kwa uhuru ni pamoja na kumwacha akue kwanza, amalize masomo, ajue anachokichagua.

Maru anatoka nyumbani amevaa gauni la harusi, bila baba yake kando yake. Hatuna sababu ya kushangilia. Binti amekosa baraka, na baba ameikosa siku ambayo haitarudi, ingawa aliyemwoa binti yake alibisha hodi kwa adabu. Hasara hiyo ingezuilika kwa mazungumzo ya jioni chache. Tunawaomba maparoko na viongozi wa Jumuiya waitishe mazungumzo hayo, akina baba wakiwa wamekaa pamoja na watoto wao, na watoto waruhusiwe kuanza kusema.