Choo kimeingia ndani ya nyumba, bomba la hewa limeachwa nje ya hesabu

Katika vijiji vingi vya Tanzania, choo kilikuwa kibanda cha nyuma ya nyumba, hatua kadhaa kutoka jikoni. Sasa hali inabadilika. Pale ambapo miradi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, imefikisha bomba hadi uani, kaya nyingi zinajenga choo cha kuvuta maji ndani ya nyumba.

Hiyo ni hatua njema. Kwa mama mjamzito, mzee au mtoto, kutotoka nje usiku ni nafuu kubwa. Lakini baadhi ya wenye nyumba wanagundua jambo miezi michache baadaye: harufu ya shimo imehamia sebuleni. Wanamwaga dawa, wanabadilisha koki, wanamlaumu fundi. Mara nyingi kilichokosekana ni bomba la hewa.

Maji hayashuki bila hewa

Chukua dumu la lita 20 lililojaa maji, ulipindue. Maji hayatoki sawasawa. Yanatoka kwa kukwama, na dumu linakoroma, kwa sababu kila tone linalotoka linataka hewa iingie kushika nafasi yake. Ukitoboa tundu dogo upande wa juu, maji yanateremka kimya.

Bomba la maji taka liko hivyo hivyo. Ukivuta choo, maji mengi yanashuka kwa ghafla na kunyonya hewa iliyo nyuma yake. Pasipo bomba la hewa, yatainyonya popote yatakapoipata, na mahali pa karibu ni kwenye sinki au tundu la bafuni.

Chini ya choo, sinki na tundu la bafu kuna kona iliyopinda ambayo hubaki na maji kila wakati. Mafundi wengi huiita trapu. Maji hayo, ambayo kwenye choo kina chake ni kama sentimita 5 tu, ndiyo mlango unaotenganisha nyumba na shimo. Bomba lisilo na hewa linaponyonya, linayavuta, kama vile unavyovuta dizeli kwa mpira kutoka kwenye pipa. Mlango unabaki wazi. Gesi ya shimo, ikiwemo haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, inapanda hadi ndani.

Si suala la harufu peke yake

Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa SARS, zaidi ya wakazi 300 wa majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong waliambukizwa. Uchunguzi ulionyesha njia moja ya maambukizi: trapu za sakafuni bafuni zilikuwa zimekauka, kwa sababu watu walipiga deki badala ya kumwaga maji sakafuni. Feni za bafuni zikavuta hewa chafu kutoka kwenye bomba la choo na kuiingiza ndani. Nyumba zetu si maghorofa, lakini funzo ni lile lile: maji ya kwenye trapu yakiondoka, hakuna kinachokutenganisha na uchafu.

Hata choo cha shimo kinahitaji bomba hilo. Katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mtafiti Peter Morgan alilinganisha shimo lenye bomba la hewa na lisilo nalo. Katika siku 78, inzi 13,953 walinaswa wakitoka kwenye shimo lisilo na bomba. Kwenye lenye bomba walikuwa 146. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu, na inzi wanaofuata mwanga huishia kwenye wavu.

Ukubwa wa bomba

Kwa bomba la kutoka chooni, kipimo cha kawaida ni inchi 4. Sinki linatosheka na inchi moja na nusu au 2. Kanuni ya kushika ni hii: maji taka hayatoki kwenye bomba kubwa kuingia dogo. Fundi akikuambia inchi 4 zimekwisha dukani, kwa hiyo amalizie na inchi 3, mkatalie.

Bomba kubwa mno nalo si dawa. Maji ya kuvuta choo husambaa chini yake yakawa membamba, na uchafu ukabaki njiani. Mteremko uwe sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita moja.

Bomba la hewa lianzie karibu na choo, lipande ukutani hadi juu ya paa, mbali na madirisha. Kwa nyumba ya choo kimoja au viwili, inchi 3 au 4 inatosha. Juu liachwe wazi, lifunikwe kwa wavu tu. Kwa choo cha shimo, tumia inchi 4 au zaidi, na lipite paa kwa nusu mita.

Kwa nini linaachwa?

Kwa maoni yetu, tatizo si ujinga wa mafundi. Bomba la maji taka likikosekana, choo hakifanyi kazi siku hiyo hiyo. Bomba la hewa likikosekana, choo kinavuta vizuri, fundi analipwa, anaondoka. Hasara inaonekana baadaye. Kwa hiyo pesa zinapopungua, ndilo la kwanza kukatwa, ingawa ni bomba moja refu la plastiki, kona na kipande cha wavu.

Kampeni ya Nyumba ni Choo iliuliza swali la lazima: je, kaya ina choo? Sasa linahitajika swali la pili: je, choo kinapumua? Kijijini nyumba nyingi hujengwa bila mchoro, na mabomba hufukiwa kabla hayajaonwa na mtu mwingine. Serikali ya kijiji na afisa afya wa kata wanaweza kuweka utaratibu mwepesi: mtaro usifukiwe kabla ya kukaguliwa.

Wewe msikilizaji unaweza kuanza leo. Vuta choo, kisha usikilize sinki na tundu la bafu. Vikikoroma, hewa inatafutwa pasipofaa. Tundu ambalo halitumiki, limwagie kopo la maji kila wiki ili trapu isikauke. Na kama bado unajenga, usimlipe fundi malipo ya mwisho kabla hujaona bomba limetokeza juu ya paa.