Ramani ya Kanda za Hatari Itangulie Msingi

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maghala yakateketea. Mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA) ilikuwa imekataa mara tatu maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, hasa kwa sababu ya wingi wa wakazi. Kukataa bila kuzuia hakumwokoi mtu.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kutuama mitaroni, na ikifika takriban asilimia 2 hadi 10 ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuiwasha. Ndiyo maana wahandisi hugawa kiwanda katika kanda. Kanda 0 ni mahali ambapo mchanganyiko wa gesi au mvuke na hewa unaoweza kuwaka upo karibu muda wote, kama juu ya petroli ndani ya tangi. Kanda 1 ni pale unapotarajiwa kazi ikiendelea kama kawaida, mathalani kwenye mdomo wa kujazia mitungi. Kanda 2 ni pale usipotarajiwa, na ukitokea haudumu. Mgawanyo huo ndio unaoamua taa gani ifungwe, mota gani itumike na lori liegeshwe wapi. Kwa hiyo uchorwe kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Anayejenga kwanza hulazimisha hatari ifuate kuta zake.

Wapo watakaosema ramani hiyo huhusu uvujaji wa kawaida, si janga kubwa. Ni kweli. Kule Buncefield, Uingereza, mwaka 2005, petroli ilifurika kutoka tangini na wingu la mvuke likavuka ua wa kituo kabla ya kulipuka. Lakini hoja hiyo inadai tuongeze kipimo cha umbali kutoka makazi, wala haiondoi haja ya ramani. Wengine watalalamikia gharama kwa wafanyabiashara wadogo. Basi serikali iwaandalie michoro ya mfano na wakaguzi wa kuwaelekeza.

Wanaokwepa sheria hawatajali karatasi, lakini kituo cha kujaza gesi huhitaji umeme na leseni ya kaunti. Vyote viwili visitolewe hadi ramani iidhinishwe, na ombi likikataliwa, kaunti ipewe taarifa siku hiyo hiyo na wajibu wa kulifunga lango.