Vigae vya mierezi: Ugomvi wa Kanada na Marekani na somo kwa wanaovusha mbao mipakani

UCHAMBUZI

Nyumba nyingi za pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani, na zile za kaskazini mashariki ya Marekani, hazipigwi plasta kwa nje. Kuta zake hufunikwa kwa vigae vya mbao ya mwerezi, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya samaki. Bidhaa hii ndogo imewagombanisha majirani hao wawili kwa miaka mingi, na ugomvi wenyewe una somo kwa kila anayevusha mbao mpakani.

Vigae hivyo ni vya aina mbili. Kuna vinavyokatwa kwa msumeno vikawa laini, na kuna vinavyopasuliwa kufuata nyuzi za mti vikawa vinene na vyenye mikwaruzo. Vingi hutoka katika mwerezi mwekundu wa jimbo la British Columbia, Kanada. Mti huo una mafuta ya asili yanayozuia kuoza. Mbao yake ni nyepesi.

Ushuru wa 1986

Mwezi Mei 1986, Rais Ronald Reagan aliweka ushuru wa asilimia 35 kwa vigae vya mierezi kutoka Kanada. Viwanda vya Marekani vilikuwa vimelalamika kwamba vinauawa na bidhaa ya jirani. Mwezi huo huo nchi hizo zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza mazungumzo ya biashara huru.

Kanada ililipiza kisasi mwezi uliofuata. Ilitoza ushuru vitabu, vipuri vya kompyuta, majani ya chai ya vifuko na hata miti ya Krismasi kutoka Marekani. Wauza vitabu na wauza chai, ambao hawakuwahi kugusa kigae, wakajikuta wanalipia ugomvi wa mbao.

Mkataba wa biashara huru ulianza kutumika mwaka 1989, lakini haukumaliza mvutano wa mbao laini. Makubaliano ya mwaka 2006 yaliisha Oktoba 2015, na Januari 2018 Marekani ikatoa amri mpya za ushuru: mmoja wa kufidia ruzuku, mwingine wa kuzuia bidhaa kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa kampuni nyingi jumla yake ilikuwa asilimia 20.23.

Wauza vigae walitoa hoja nzito. Katika mfumo wa HS, mbao zilizopasuliwa ziko kifungu cha 4407, na vigae viko 4418 pamoja na bidhaa za ujenzi zilizokamilika. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2018 Wizara ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba vigae vya mierezi vimo ndani ya amri hizo. Katika amri za aina hiyo, kinachoamua ni maelezo ya bidhaa yaliyoandikwa. Namba ya HS ni ya kusaidia tu.

Nani analipa?

Hapa ndipo penye maumivu. Kwa utaratibu wa Marekani, anayeandikwa kuwa mwagizaji huweka amana mzigo unapoingia. Kiwango halisi hujulikana baadaye, baada ya mapitio. Anaweza kurudishiwa fedha, au akadaiwa nyongeza kwa mzigo aliouza na kuusahau. Mwezi Agosti 2025, jumla ya amana kwa kampuni nyingi za mbao laini ilifikia asilimia 35.19. Kiwanda kidogo chenye faida finyu hakiwezi kuacha fedha kiasi hicho zikae forodhani miaka kadhaa.

Kwetu je?

Anayevusha mbao Namanga, Malaba au Mutukula hutumia vifungu vile vile vya HS. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa yenye cheti cha uasili haitozwi ushuru wa forodha. Kwa mzigo wa kutoka nje ya Jumuiya, viwango ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Tofauti ya jina moja kwenye nyaraka inaweza kula faida ya safari nzima.

Mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, eleza bidhaa kwa ukamilifu: aina ya mti, vipimo, na kama imerandwa au imekamilika. Pili, omba uamuzi wa awali wa forodha kabla ya kupakia. Sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu. Tatu, andikeni kwenye mkataba nani ni mwagizaji na nani atabeba ushuru ukipanda mzigo ukiwa njiani.

Wakanada na Wamarekani ni majirani wenye mkataba wa miaka mingi, na bado kigae cha ukutani kimewashinda kukubaliana. Mkataba wa serikali hautoshi kumlinda mfanyabiashara ambaye nyaraka zake zina mapengo.